Mikono Isiyopakwa Mafuta

Nikifungua kopo la mafuta ya kujipaka, yale mazito ya njano, harufu yake hunirudisha mtaani Jericho mwishoni mwa miaka ya sabini. Nimesimama mlangoni mwa nyumba yetu, na mama ananisugua kama sufuria ya wageni. Uso, shingo, mikono, magoti, miguu mpaka vidole. Mama hakuwa na mchezo na mafuta. Mtoto wake hangetoka nje amepauka, hata akitumwa chumvi tu. Tuling'aa, mimi na ndugu zangu, na vumbi lote la mtaa likatuganda kabla ya saa nne.

Kila Jumamosi nilikwenda kwa tata Njoki. Tata ndivyo tulivyowaita shangazi zetu, na huyu alikuwa dada ya baba. Alikuwa na chumba kidogo karibu na soko, na humo alitengeneza vidani na vipuli vya shaba vilivyopakwa enameli. Ni ile ile ya vikombe vya bati vya chai, ila yake ilikuwa na rangi ambazo sijaziona tena popote. Unasugua shaba kwa limau na chumvi, unainyunyizia unga wa kioo kwa chujio la chai, kisha unaiingiza kwenye tanuri la umeme lililokuwa kubwa kama redio ya sebuleni. Dakika chache tu, ule unga mkavu unayeyuka na kugeuka kioo. Nilikuwa na miaka kumi, na sikuwa nimewahi kutaka kitu kama nilivyotaka kuijua kazi ile. Tata aliniahidi kwamba nikifaulu, kidani cha harusi ya binti yake nitakitengeneza mimi.

Lakini kazi ilinikataa. Kila kidani changu kilitoka motoni na kipara, pahali ambapo enameli imekimbia na kuacha shaba nyeusi. Kilipotoka cha tano, tata aliweka koleo chini, akanishika mkono na kuunusa.

"Wambui, hii mkono iko na mafuta."

"Nimenawa, tata."

"Umenawa juu juu. Shaba haitaki mafuta hata kidogo. Ukuje ukiwa mkavu, ama usikuje."

Nililia njia nzima. Mama aliposikia, aliwaka.

"Mkavu? Mtoto wangu apite hapo nje kama hana mama? Si ni mimi watu watasema? Basi kaa nyumbani!"

Nilimchukia wiki hiyo. Nakiri, ilikuwa chuki kamili ya mtoto. Nilihesabu siku zilizobaki kabla ya harusi na kula bila kuongea.

Jumamosi asubuhi aliniita mlangoni kama kawaida. Akanipaka uso, shingo, miguu. Kwenye mikono alianzia begani, akateremka polepole, na alipofika kwenye kifundo akasimama. Akachukua kitambaa akapangusa pale mafuta yalipoishia, kama fundi anayepaka mlango rangi bila kuchafua ukuta.

"Mikono ni ya Njoki," akasema. "Hiyo ingine yote ni yangu."

Siku hiyo kidani changu kilitoka tanurini buluu tupu, bila doa. Binamu yangu alikivaa kanisani. Mimi nilijua jambo moja tu: tata ameshinda, mama ameshindwa, na mimi niko upande wa mshindi.

Nilikuwa tayari mama wa watoto wawili nyanya aliponisimulia kwamba mama alikwenda shule akiwa na miguu iliyopauka hadi wenzake wakawa wanamwandika miguuni kwa kijiti, maneno ya kumcheka, yakasomeka. Kwao hakukuwa na mafuta. Nilikumbuka wanawake waliokuwa wakifua kwenye mfereji wa nje, na yule mmoja aliyekuwa akipaza sauti kila Jumamosi tangu siku ile ya kitambaa: "Mama Wambui, kwani leo mafuta yalikwisha?" Mama alikuwa akicheka, akijibu, "Yalikwisha, dada," huku akiniachilia niende. Nami nilipita mbele yao nikirusha mikono yangu mikavu kwa maringo, wala hata siku moja sikugeuka kumtazama.