Hesabu ya Chaki Mlangoni

Anayetaka kucheka acheke sasa, kabla sijaanza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, pale Nyahanga, Kahama, nikiwa na akili zangu timamu.

Mume wangu, Masanja, alikuwa anafuga nyoka na vyura wa kuonyesha mashuleni na kwenye ngoma. Wafugaji hawa wana ufupisho wao. Kwenye kila boksi wanaandika tarakimu tatu kwa chaki: ya kwanza madume, ya pili majike, ya tatu wale ambao jinsia yao haijajulikana. 1.2.0 ni dume mmoja na majike wawili. Ukiona herufi P pembeni, ujue mnyama katolewa porini, hakuzaliwa bandani.

Siku hiyo alirudi na chatu kutoka mapori ya njia ya Ushirombo, akaandika 0.1.0 P. Alinisimulia kwa furaha kwamba alimkuta kajizungusha juu ya mayai, akambandua, mayai akayaacha palepale. Nilichukia kusikia. Nilikuwa na mimba changa na sijamwambia mtu, hata yeye, maana mbili za nyuma zilitoka.

Masanja akaenda mjini kutafuta panya wa kumlisha. Jua linaelekea kuzama, mimi niko bandani, akaingia mama mmoja mrefu, kajitanda kitenge, miguu mitupu. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alikwenda moja kwa moja kwenye boksi la chatu, akaweka kidole kwenye chaki, akasoma vizuri kabisa: jike mmoja, wa porini. Kisha akanigeukia.

“Na mayai yake mmeyaandika wapi?”

Niamini, macho yake hayakupepesa hata mara moja. Akaokota chaki ya Masanja, akatoka. Nilipomfuata, uani hapakuwa na mtu. Kwenye vumbi hapakuwa na nyayo, ila mburuzo mmoja mpana kutoka mlango wa nyumba yetu hadi vichakani. Na mlangoni palikuwa pameandikwa 1.1.1.

Dume mmoja, Masanja. Jike mmoja, mimi. Na huyo wa tatu je? Nilishika tumbo, nikakaa chini, nikalia.

Masanja aliporudi nilimweleza yote, na mimba nikaitaja. Alitaka kubisha, akaitazama ile chaki, akaenda kulibeba boksi la chatu. Hatukungoja kuche. Tulikodi gari tukamrudisha chatu alikotolewa. Mayai mengine yalikuwa yameshaliwa na kenge. Chatu akayazunguka yaliyobaki, na mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, akapiga magoti.

“Tusamehe, mama,” akasema.

Mlango tuliusugua kwa sabuni, tukaupaka rangi. Mimba ikakaa. Asubuhi niliposhikwa na uchungu, wakati natoka kwenda hospitali, nikakuta juu ya ile rangi pameandikwa 1.2.0. Binti yetu alizaliwa jioni yake.

Sasa tuko Geita, Masanja anauza vipuri vya pikipiki, na nyumbani hatuna hata chura. Wewe unayekwenda porini na gunia, ukimkuta chatu juu ya mayai yake, rudi nyuma taratibu. Mimi kila asubuhi natangulia kutoka, nautazama mlango kwanza, ndipo namruhusu mwanangu atoke.