Bwana Padbury na Viti Yatima

Kama hujawahi kukaa nyuma ya dirisha la tiketi katika jumba la tamthilia hapa London, usidhani umeshaona ubahili. Mimi nimekaa pale miaka mingi, na wabahili wote niliowaona ni wanafunzi tu. Mwalimu wao ni Clive Padbury wa mtaa wa Leyton, fundi wa lifti aliyestaafu, mtu mwenye mkono wa birika hasa.

Sikatai, ada ni wizi. Ukinunua tiketi kwa simu, unatozwa ada ya kuwekewa nafasi, na kama ni mbili unatozwa mara mbili, kana kwamba kuna mtu analala juu ya hicho kiti kukulindia. Kisha kuna ada ya kukarabati jengo, na ukitazama dari letu utajiuliza hizo pesa zinakarabati nini. Kuna jumba moja linakutoza kwa tiketi uliyoichapa mwenyewe nyumbani, kwa karatasi yako na wino wako. Wakubwa wangu wanaziita huduma. Mimi nazitangaza kwa uso mkavu kwa sababu nina kodi ya kulipa.

Ila dirishani hakuna ada. Bwana Padbury alilijua hilo kuliko sala zake. Pasi yake ya uzee humpandisha basi bure, kwa hiyo kila asubuhi yenye mchezo mpya alikuwa mlangoni kabla sijafungua, mvua inamnyeshea, anawahubiria walio nyuma yake foleni.

"Nyie vijana mnanunua kwa simu? Mmelogwa? Njooni dirishani, mdai kiti kilichobaki peke yake. Wanakipunguza bei kwa sababu hakuna anayekitaka. Mchezo ni uleule, jamani!"

Viti hivyo vya kimojakimoja sisi tunaviita viti yatima. Kimoja kiko nyuma ya nguzo, kingine pembeni kabisa ambako unaona nusu ya mfalme na kiwiko cha malkia. Bwana Padbury alikuwa akichukua viwili, kimoja chake na kimoja cha mkewe, Noreen. Yeye juu upande wa kushoto, mke chini upande wa kulia, au kinyume chake. Wamekwenda tamthilia pamoja tangu uchumba wao, na hawajawahi kukaa pamoja hata siku moja. Wakati wa mapumziko walikutana kwenye ngazi kama wajumbe wa nchi mbili, mmoja akimsimulia mwenzake upande ambao hakuuona.

Noreen ni mama mpole, alikuwa akipika katika shule ya watoto. Aliniambia siku moja, akimsubiri mumewe aliyekuwa akibishana na mwenzangu juu ya punguzo la wazee: "Mwanangu, nataka mara moja tu nicheke kando yake. Nikicheka peke yangu, watu wananitazama kama nina wazimu."

Mwaka huu wametimiza miaka arobaini ya ndoa. Noreen hakuomba ruhusa. Alichukua akiba yake, akanunua kwa simu viti viwili vya chini, katikati, vilivyoshikana, mchana wa Jumatano, ada zote juu. Akazichapa tiketi, akampa mumewe moja wakinywa chai ya asubuhi.

Najua alichojibu, maana alikuja kunisimulia mwenyewe akitafuta shahidi. Hakusema asante. Alisema: "Ada shilingi ngapi?" Ndiyo, bado anaita shilingi, pesa ya hapa Uingereza iliyokufa akiwa kijana.

Jumatano hiyo alitangulia, mkewe akiwa bado kwa msusi. Akaibandika tiketi kwenye kioo changu.

"Dada, nirudishie ada."

"Siwezi, mzee wangu. Haikukatwa hapa."

"Basi mnamwibia mke wangu mchana kweupe! Siku ya kukumbuka harusi yetu!"

"Mzee, ingia ndani ukale raha. Mama amekununulia kiti kizuri."

"Kizuri, kizuri! Kwani wachezaji wanasema maneno mengine kwa watu wa mbele?"

Mchezo ulikuwa umejaa, isipokuwa kiti yatima kimoja nyuma ya nguzo ambacho hakuna aliyekitaka. Pembeni palikuwa na foleni ya watu wanaosubiri tiketi za kurudishwa, na wa kwanza alikuwa bwana mmoja mtanashati mwenye tai ya njano, peke yake. Nikamwona Padbury anamtazama. Nikaona wazo linaingia kichwani mwake, na ningeapa alikua mrefu kidogo. Wakanong'onezana. Pesa zikatoka, tiketi ikabadili mkono. Nilipaswa kumwita mlinzi, kwa sababu kuuziana mlangoni kwetu ni marufuku. Sikumwita. Nilikuwa na hamu ya kuona ujinga huu unaishia wapi.

Akarudi kwangu anang'aa.

"Nipe kile cha nyuma ya nguzo, juu kabisa."

"Umemuuzia yule bwana kiti chako?"

"Kwa bei kamili! Na nimemwekea ada juu, yangu na ya Noreen. Gharama za usumbufu, si unajua?"

Nyani haoni kundule. Nilimkatia kiti yatima chake bila neno, kwa sababu maneno niliyokuwa nayo yangenifukuzisha kazi.

Pazia lilipofunguliwa nilifunga dirisha, nikaingia kusimama nyuma. Noreen alikuwa amevaa gauni la kijani na nywele zake zimetengenezwa vizuri. Kwa dakika nzima alikuwa akigeuka kutazama mlangoni. Kisha yule bwana wa tai ya njano akaomba njia, akaketi kando yake. Noreen alimwambia kitu, bwana akamwonyesha tiketi. Nilimwona anaisoma, kisha anaisoma tena. Nilimwonea uchungu kiasi kwamba sikusikia mwanzo wa mchezo.

Lakini mchezo wenyewe ulikuwa wa kuchekesha, na bwana yule alikuwa na kicheko cha kuambukiza. Kufikia katikati wote wawili walikuwa wanafuta machozi. Juu huko, nyuma ya nguzo, kichwa chekundu cha Padbury kilikuwa kimechungulia kama cha kobe. Hakikuwa kinatazama jukwaa.

Mapumziko, Padbury akashuka ngazi anasugua shingo.

"Noreen! Unajua nimetengeneza faida kiasi gani leo?"

"Niambie, mume wangu."

"Kiti changu nimekiuza, nimerudisha ada zote, na bado nimeona mchezo!"

"Umeona nini?"

Akababaika. "Nguzo ilikuwa… lakini nimesikia vizuri."

Yule bwana akaingilia kwa adabu. "Bwana, nakushukuru sana. Ada ilikuwa kubwa, ila kwa kukaa na mama huyu ningelipa mara mbili."

"Ulimtoza ada?" Noreen aliuliza polepole.

"Mke wangu, biashara ni—"

"Clive, ulipewa nafasi ya kukaa na mimi, ukapiga bei." Hakupaza sauti, lakini ngazi nzima iligeuka kumtazama. "Panda juu. Kengele inalia."

Alipanda.

Siku hizi Noreen huja kila mwezi. Ananunua kwa simu, viti viwili vilivyoshikana, na ada zake. Nilimwambia aje dirishani aokoe pesa. Akacheka: "Najua, mwanangu. Ziache ziende." Kimoja anakaa yeye, cha pili anaweka koti lake.

Jumatano iliyopita Padbury alikuja amevaa tai. Hakuwahubiria watu wa foleni. Alinong'ona kwenye tundu la kioo:

"Dada, kile kiti kando ya Noreen. Kinauzwa?"

"Kimeshalipiwa, mzee."

"Nitalipa bei kamili."

"Haiwezekani, mzee wangu."

Akatoa pochi, akaifungua mbele yangu.

"Nitalipa na ada," akasema. "Ada yoyote mnayotaka."

Nilimhurumia, Mungu ananijua. Lakini kiti si changu, na mwenyewe alikuwa ameshaingia ndani.