Gitaa la Besi na Koo la Mama Namwinga

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu niliingia kanisani nikiwa nimevimba kichwa na nikatoka nikitafuta pa kuuficha uso. Ilikuwa Ijumaa ya mazoezi ya kwaya, kule Iyula nilikokulia, kahawa ikiwa imeanza kuwa nyekundu mashambani. Mgongoni nilibeba gitaa la besi ambalo nilikuwa nimelitoa kaburini kwa mikono yangu mwenyewe, na nilitaka kila mtu ajue.

Nakueleza haya kwa sababu juzi nilipita kwenu nikakukuta umelifumua gitaa lako la mtumba, lile ulilolinunua hapa Tunduma. Mezani zimejaa skrubu na nyaya, na vyuma vipya vinang'aa. Uso wako nao ulikuwa unang'aa kuliko hivyo vyuma. Uso ule naufahamu. Niliwahi kuuvaa.

Gitaa letu lilikuwa mali ya kanisa. Lilikuja likiwa limeshatumika, likapigwa na mzee mmoja mpaka mikono ikamchoka, na alipoacha hakuna kijana aliyelitaka. Funguo za kukazia nyuzi zilikuwa zimelika meno, ukikaza leo, wimbo haujafika ubeti wa pili uzi umeshalegea. Kile chuma cha chini kinachoshika mikia ya nyuzi kilikuwa kimeliwa na kutu, na sauti ilikuwa ikikatikakatika kama redio yenye betri za kufa.

Mimi nikaomba nilipige, maana yule mzee alikuwa ameshanionyesha nyimbo zote. Wazee wa kanisa wakatazamana. Mahali petu msichana alikuwa na safu yake, aimbe sauti ya kwanza au ya pili, magitaa waachiwe wanaume. Lakini mimi ni mbishi tangu tumboni. Mama alikuwa akisema hata kuzaliwa nilichagua siku ya kupalilia. Niliomba, nikakataliwa, nikaomba tena, mpaka wakachoka wao. Wakanipa sharti. Sikukuu ya Mavuno ilikuwa inakuja, na mwaka ule kwaya zote za huko kwetu zilikuwa zikutane Mlowo. Gitaa likizingua tena mbele ya watu kama lilivyozingua mwaka uliotangulia, litawekwa kwenye mnada pamoja na maboga na kuku, na mimi, Neema, nitarudi kwenye safu ya waimbaji, mjadala umekwisha.

Unaujua mnada wetu. Ibada ikiisha, mavuno waliyoleta watu kuwa sadaka yanatolewa nje na kunadiwa, huku watu wanacheka na kushindana kununua boga moja. Nikaliwaza gitaa langu limeinuliwa juu na mnadi, jogoo kwapani upande wa pili. Usingizi ukaniruka.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikapewa ruhusa na mwalimu wa kwaya, nikachukua gitaa na debe la maharage ambayo mama alinipa kwa shingo upande, nikapanda gari Mlowo mpaka Tunduma, nikavuka mpaka kwa miguu hadi Nakonde. Huko kulikuwa na mzee wa Kizambia, tukimwita Ba Mulenga, ambaye ujanani alipiga gitaa kwenye mabendi ya Copperbelt. Uzeeni alikaa na sanduku lake la magitaa yaliyokufa, huyu anamng'oa jicho, yule anamng'oa sikio, anawatibu walio hai. Tukabadilishana kwa maharage. Nikapata funguo nne nzuri, chuma cha chini, kile kisanduku cha sumaku kinachonasa sauti ya nyuzi, na seti ya nyuzi mpya kabisa.

Tulipomaliza kufunga, akatoa mfukoni kifilimbi kidogo cha kupimia sauti, akakipuliza, akakaza uzi mmoja mmoja mpaka ukakubaliana na kifilimbi. Kisha akauliza, akiniita mama kwa lugha yao, "Mayo, gitaa hili linaimba na nani?"

"Na kwaya, Ba Mulenga."

"Basi panono panono, taratibu. Kawaambie kwaya kwanza."

Nikacheka. Tangu lini kwaya ikaambiwa habari za skrubu? Nikamshukuru, nikaondoka na gitaa langu, na kile kifilimbi akanizawadia. Nililifunga kwenye kanga nikaenda nalo mapajani njia nzima. Mbeba unga jirani yangu aliponichafua nilimwangalia mpaka akahama kiti. Nyumbani sikumwonyesha mtu. Nilitaka Ijumaa iwe yangu.

Ijumaa ikafika. Kwaya yetu ilikuwa na magitaa mawili tu, besi langu na gitaa la Ezekia, kijana mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kinanda hatukuwa nacho. Ezekia akakaza nyuzi zake kunifuata mimi, maana kwetu besi ndiyo mama, wengine wanajipanga kwake. Nikapiga sauti ya kwanza. Mwanangu, ukuta ulitetemeka! Mwalimu akatabasamu. Nikasema moyoni, haya, waje na mnada wao.

Tukaanzisha wimbo wa mavuno, ule ambao akina mama wa sauti ya kwanza wanapanda juu kwenye kiitikio. Aliyekuwa akiwaongoza alikuwa Mama Namwinga, mwanamke wa Momba aliyeolewa kwetu, mrefu, mkavu, asiyesema sana. Sauti yake ndiyo iliyokuwa nguzo ya kwaya ile; yeye akipanda, wengine wanashika nguo zake wanapanda naye. Walipofika kwenye kiitikio, nikaona mishipa ya shingo inawatoka. Wawili wakanyamaza. Mama Namwinga akajaribu peke yake, na pale juu kabisa sauti yake ikapasuka mbele ya vijana. Ezekia akaguna kicheko.

Mama Namwinga akainua kiganja. Nikaziba nyuzi zangu.

"Neema," akasema, "umelitengeneza gitaa, ukatuharibu sisi."

Nikaanza kujitetea. Nikasema gitaa sasa ndiyo liko sawa, nimelipima kwa kifilimbi, zamani ndipo lilipokuwa bovu. Nikakitoa na kifilimbi chenyewe niwaonyeshe. Akanitazama mpaka nikakirudisha.

"Sijasema gitaa ni baya. Gitaa likichakaa unavuka mpaka, unaliletea vyuma vipya. Koo langu hili, mwanangu, nitalipeleka duka gani Nakonde?"

Nikalifunga gitaa kangani, nikatoka nimeinamisha uso. Nilimkasirikia yeye kwanza, nisikufiche. Kisha nilipokuwa njiani kurudi nyumbani, gitaa likiwa zito kuliko lilivyokuwa asubuhi, nikaanza kuelewa. Yule mzee aliyenitangulia, kwa kuwa funguo zilikuwa hazishiki, alikuwa amezilegeza nyuzi zote kwa pamoja ili zisivute sana. Gitaa likashuka sauti, gitaa la pili likalifuata, na kwaya ikayafuata magitaa. Miaka yote ile nyimbo zetu zilikaa chini kidogo ya mahali pake, na hakuna aliyejua, maana hatukuwa na kinanda cha kutuumbua. Lakini akina mama wale walikuwa wamezijenga nyumba zao pale pale. Waliimba wakitoka kuchuma kahawa na kutwanga, vifua vina vumbi, na wimbo ulikuwa mahali wanapoufikia bila kujiumiza. Mimi nimekuja na skrubu zangu nimeliinua paa, na sasa nawadai waruke walifikie.

Mwalimu wa kwaya akasema nirudishe vyuma vya zamani, yaishe. Vya zamani vilikuwa vimebaki kwa Ba Mulenga, na hata ningekuwa navyo nisingevirudisha, kwa sababu vingelegea kule kule Mlowo. Nikajaribu kuzilegeza nyuzi mpya zishuke hadi sauti ya zamani. Zikawa zinapwayapwaya na kugonga shingo ya gitaa, kila sauti inakuja na mtetemo wa bati. Ezekia akasema, "Wamama wazoee tu, Neema. Dunia inasonga."

Hapo ndipo ubishi wangu ulipopata kazi ya maana. Nikamwambia Ezekia kwamba wa kuzoea ni sisi. Gitaa litabaki na sauti yake sahihi, nyimbo zitashuka zirudi zilikokuwa, na kitakachohama ni vidole vyetu. Akacheka. Alijua ninachokisema. Sisi hatukusoma muziki. Kila wimbo tuliujua kwa mahali vidole vinapokaa, tulivyoonyeshwa na waliotutangulia. Kuhamisha wimbo mmoja kulikuwa kama kujifunza upya kuandika, safari hii kwa mkono wa kushoto. Na nyimbo zilikuwa nyingi, na sikukuu ilikuwa inakaribia.

"Nitajifunza mimi kwanza," nikamwambia. "Nikishindwa, ucheke tena."

Mchana nilichuma kahawa, jioni nikazungusha mashine ya kumenya, mikono ikawa imelainika kwa majimaji ya kahawa na ngozi ya vidole ikakwanguka kwenye nyuzi. Spika ilikuwa kanisani, kwa hiyo nyumbani nililiegemeza gitaa kwenye kabati la mbao la mama, pembe yake imegusana na mlango, na kabati lote likawa linanguruma. Vikombe vya mama vilicheza ngoma. Baba alilalamika, mama akamwambia, "Mwache, ameamua." Nilikosea. Vidole vilikuwa vikikimbilia makao yao ya zamani kama ng'ombe anayejua zizi. Nilivirudisha. Kuna jioni nililia, si uongo, nikaliweka gitaa kitandani nikasema basi. Halafu nikaikumbuka ile sauti iliyopasuka mbele ya vijana, na mwenye sauti alivyonyoosha mgongo baada yake. Nikalichukua tena.

Wimbo wa kwanza ulipokaa, nikaenda kwa Mama Namwinga. Nikamkuta anapepeta mahindi. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikamwomba aimbe kiitikio nisikie pale inapopumzika sauti yake. Akaweka ungo chini, akaimba akiwa amekaa. Nikapuliza kifilimbi changu taratibu, nikatafuta mpaka nikapapata mahali pake. Hatukuongea mengi. Aliponisindikiza alinifungashia maboga mawili, akasema, "Hivi ndivyo ungeanza."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ezekia naye, alipoona nimeuweza wimbo wa kwanza na wa pili, aibu ikamshika, akaja nimwonyeshe. Mimi, msichana wa safu ya pili, nikamwonyesha. Hilo peke yake lilinitosha mshahara, lakini nilijizuia kumtania. Kidogo.

Sikukuu ikafika. Mlowo ilijaa watu na malori ya mahindi, na mbele ya kanisa sadaka zilikuwa zimerundikwa, mikungu ya ndizi, maharage, kahawa, kuku waliofungwa miguu. Wazee wetu wa kanisa walikaa mstari wa mbele. Nilimwona mmoja akilitazama gitaa langu, kisha akawatazama wale kuku. Nikajua anawaza nini.

Tukaanza. Vidole vyangu vilikwenda vilikofundishwa. Wimbo ukafika kwenye kiitikio, na pale ambapo zamani ningeuacha uzi mtupu ulie, kidole changu kikashuka mahali pake papya, nikabana, nikasikia akina mama wanapanda. Walipanda bila mshipa kutoka. Mama Namwinga alikuwa amefumba macho, mikono imetulia mbele yake, na sauti yake ikafika juu ikakaa. Funguo mpya zilishika. Ubeti wa mwisho nyuzi zilikuwa pale pale nilipoziacha ubeti wa kwanza.

Watu walipiga vigelegele. Wageni wakasifu akina mama. Hakuna aliyesema lolote juu ya gitaa, hata mmoja! Mimi niliyevuka mpaka, niliyechubuka vidole, nikawa nazungusha waya wangu wa spika kimya kimya, roho inauma kidogo. Mama Namwinga akaja akasimama mbele yangu.

"Neema, leo gitaa lako sijalisikia kabisa," akasema. "Nimesikia wimbo."

Nilichelewa kuelewa kwamba nimesifiwa. Nilipoelewa, alikuwa ameshakwenda zake kwenye mnada kununua jogoo. Gitaa halikunadiwa. Nililipiga mpaka viungo vya vidole vilipokaza, na baada yangu safu ya magitaa haikuulizwa tena habari za usichana.

Sasa nisikilize, mwanangu. Fungua gitaa lako, badilisha kinachostahili kubadilishwa, wala usisikilize anayekuambia ubovu uliozoeleka ni mila. Kibovu ni kibovu. Usiogope kazi, na ukiamua, amua kweli. Lakini kabla hujagusa skrubu, uliza ni nani amejiegemeza kwenye hicho unachokitengeneza. Huenda ni kwaya, huenda ni mke, huenda ni wazazi wenye magoti mabovu. Na ukishabadilisha, mzigo wa kuzoea ubebe wewe uliyetaka mabadiliko, usiwatwike wasio na vipuri. Vidole vya kijana vinajifunza. Koo la mzee limeshajifunza yake.

Mungu akupe mkono usiochoka na sikio lisilojisikia lenyewe tu. Nyuzi zako zishike, nyumba yako ikae kwenye sauti yake, na siku utakapopiga vizuri kuliko siku zote, wakusahau wewe, waimbe. Kisha njoo uniamkie, na kile kifilimbi nitakupa.