Siku Chungu cha Shangazi Kiliponivaa Kichwani

Naomba niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: yule mama wa kitenge cha njano aliyesimama ufukweni Ziwa Jipe, chungu kimemvaa kichwa chote mpaka mabegani, maharage yanamwagikia ndani ya blauzi, yule ambaye picha yake ilizunguka kwenye makundi ya simu kuanzia Mwanga mpaka Same, ni mimi. Wengi wenu mliiona mkacheka bila kujua ni nani, maana uso ulikuwa ndani ya chungu, nami nikanyamaza, tena picha ilipoingia kwenye kundi la kwaya yetu nikatuma kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi kama wenzangu wote (hapo ndipo mjue aibu inaweza kumfikisha mtu wapi). Leo nimechoka kuibeba. Kucheka mcheke, ila mnisubiri nimalize.

Shangazi yangu Nakijwa, dada yake marehemu baba, anaishi hapa hapa Ngujini, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na amefinyanga vyungu tangu akiwa msichana. Sisi sote tumekulia kwenye vyungu vyake, makande ya utoto wetu yameivia humo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukigeuza chungu akakitazama vizuri. Baadaye masufuria yakaingia kila nyumba, vyungu vikabaki vya kuwekea maji ya kuku. Na miaka hii viungo vya vidole vyake vimevimba, asubuhi nyingine hata kifungo cha gauni namfungia mimi. Kuhusu nani alijifunza kwake, jibu ni hakuna. Aliniita mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikamwambia udongo unaharibu kucha.

Sasa mwaka huu vijana fulani wa kule ziwani wakaandaa maonyesho ya sanaa, siku nzima, kando ya maji, na wakapanda mpaka huku kwetu kumtafuta. Walitaka chungu kimoja kikubwa, na walitaka akichome hapo hapo mbele ya wageni, ili watu waone kazi inavyofanyika. Shangazi aliwasikiliza, akawakaribisha uji, halafu akauliza kitu kimoja tu.

"Jina langu litaandikwa?"

Wakamwambia litaandikwa, kwenye kadi, kwa herufi kubwa. Basi akakubali.

Kile chungu kilimchukua miezi miwili. Alikuwa anafinyanga kidogo, vidole vinagoma, anavitia kwenye maji ya moto, anarudi. Kilipokauka akakipaka udongo mwekundu akakisugua kwa kokoto laini aliyorithi kwa mama yake, mpaka kikang'aa, yaani mtu asiyejua angeapa kimeshachomwa na kiko tayari kwa jiko. (Mimi ndiye huyo mtu asiyejua.) Alipomaliza aliniambia, "Hiki ndicho cha mwisho. Baada ya hapa vidole basi." Alisema bila huzuni yoyote, kwa sababu kilikuwa kinakwenda kuonekana na watu.

Jioni ya kabla ya safari aliniita anielekeze namna ya kukibeba. Nilikwenda, sikatai, lakini nilikwenda na simu, na mjumbe wa sare za kwaya alikuwa ananipigia kila dakika kuhusu kola, ziwe za mviringo au za pembe, na mimi kama kiongozi wa kwaya nikaona jambo la kola haliwezi kungoja. Shangazi anaongea, mimi naitikia "ndiyo Shangazi" huku nikiandika ujumbe. Nilishika mambo mawili: kisiinamishwe, na kiwe kivulini. Mengine yalipita juu ya kichwa changu yakaenda zake.

Asubuhi yake saa moja, pikapu ya jirani yetu Elinami iko nje, Shangazi ameshakaa mbele na gauni lake la Pasaka, mimi niko nyuma ya nyumba yake namalizia kukifunga chungu kwa majani makavu ya migomba ndani ya tenga. Na hapo ndipo nikafanya uamuzi wangu, uamuzi mdogo kabisa. Nilikitazama kile chungu kikubwa, kitupu, nikasikia marehemu mama yangu ananisema. Kwetu sisi huendi kwa watu na chombo kitupu. Hata ukirudisha bakuli la jirani unatia mayai mawili, unatia ndizi, unatia chochote. Sasa watu wa Jipe watatuonaje, Wagweno wazima, Wapare wa huku juu, tumeshuka mlima na chungu kikubwa namna ile na ndani hamna kitu?

Na ilikuwa nina ndoo ya makande. Mahindi na maharage, nilikuwa nimeyaloweka tangu jana ili yaive upesi, zawadi yetu kwa akina mama wenyeji watakaopika. Nikasema si haya hapa. Nikachuja maji (kidogo), nikayamimina yote ndani ya chungu, nikafunika kwa jani bichi la mgomba, juu nikatandaza kanga yangu nzuri, na nikajisifu moyoni kwa malezi niliyopata. Elinami akasaidia kupakia tenga, akasema, "Dada, mbona kizito hivi?" Nikamwambia chungu cha Shangazi si sufuria.

Kwa wasiojua, na msione haya kwa sababu hata mimi sikujua, chungu ambacho hakijaingia motoni bado ni udongo mkavu tu. Ukikitia maji kinarudi kuwa tope.

Tulifika ziwani saa tatu, na sitawadanganya, nilifurahi. Mimi nimekaa mlimani maisha yangu yote nikiliona Ziwa Jipe kwa mbali huko chini, halafu leo niko pembeni yake, na chini ya maturubai wametandaza vitu vizuri mpaka unashindwa uanzie wapi. Kulikuwa na mikeka ya mafunjo yenye michoro, madema ya kuvulia samaki yamening'inizwa kama mapambo, mitumbwi ya zamani imepakwa rangi, na mwalimu mmoja kutoka Same alikuwa amechora viboko kwa mkaa tupu, ukiwatazama unasogea nyuma. Wageni walikuwepo wa kutoka Moshi, wengine walivuka kutoka upande wa Kenya. Na katikati ya yote kuna meza moja imefunikwa kitambaa cheupe, haina kitu, ila kadi imesimama juu yake: NAKIJWA, MFINYANZI, NGUJINI. Shangazi aliisoma polepole huku anafuata herufi kwa kidole. Kisha akaisogeza kidogo ikae katikati.

Akataka kwenda kukikagua chungu. Mimi huyo nikamshika mkono, "Shangazi, umechoka na safari, kaa hapa unywe chai, kiko kivulini, hakijainama." Akaniamini. Hilo la kuniamini ndilo linalonirudia mpaka leo.

Mimi nikaenda kutembezwa ziwani. Kijana mmoja alikuwa anawazungusha wageni kwa mtumbwi katikati ya matete, raundi moja nusu saa hivi, nikapanda. Ndege weupe wanaruka, milima yetu imesimama upande ule, nikajaribu kuitafuta Ngujini kwa kidole, nikaimba pambio moja na wageni wakaitikia. Tuliporudi kijana akauliza nani anataka tena, nikanyoosha mkono wa kwanza. Nilizunguka mara tatu. Laiti ningezunguka mara moja nikarudi kukifunua kile chungu, huenda makande yangetoka na kitako kingebaki, sijui, nimeshaifanya hiyo hesabu mara nyingi mno.

Saa sita mshereheshaji akatangaza kwenye spika kwamba sasa ni zamu ya mama yetu mfinyanzi kutoka milimani. Kuni zimepangwa, majani makavu yako tayari, watu wametengeneza duara, simu zimeinuliwa. Shangazi akasimama karibu na kuni. Elinami akataka walete tenga zima taratibu, kama inavyopaswa, mimi nikasema hapana. Nikasema mama zetu walibeba kichwani. (Nilikuwa na kitenge kipya, na niliziona zile simu.) Nikasokota kata, nikaiweka kichwani, Elinami na kijana mmoja wa maonyesho wakakishika chungu ubavuni wakanitwika.

Nilisikia ubaridi utosini. Nikadhani ni kivuli.

Nikaanza kutembea, mikono yote miwili juu, nikipiga hatua za kwaya, na nilipofika katikati ya duara nikaona nisiiache nafasi ipite bila neno. Nikasema kwa sauti, "Ndugu zetu wa Jipe, sisi hatukuja na chombo kitupu." Nikaona Shangazi amegeuka ghafla kunitazama, uso umebadilika, na mdomo wake ukafunguka kutaka kusema kitu.

Kitako kikaachia. Sikusikia hata mlio, kichwa changu kiliingia tu ndani ya chungu, giza, na makande yote yakashuka na tope, puani, shingoni, ndani ya blauzi, na chungu kikatua mabegani kikakaa. Nje nikasikia makofi. Walipiga makofi jamani, walidhani ni mchezo, ni sehemu ya onyesho, na mtu akasema "hawa Wapare kwa makande hawajambo", watu wakacheka vizuri kabisa. Mimi nikajaribu kukiinua. Nilipokishika ubavuni vidole vikazama, kikapasuka vipande vitatu vinne, vikadondoka mchangani, na hapo ndipo wakaniona uso, na kicheko kikapungua, kikaisha.

Shangazi alikuja polepole. Akachukua ncha ya kanga yake akanifuta tope machoni, jicho moja kisha la pili, kama alivyokuwa ananifuta nikiwa mtoto.

"Ulitia nini humu?"

"Makande, Shangazi."

"Makavu?"

"Nilikuwa nimeyaloweka."

Akatikisa kichwa kidogo. "Nilikwambia jana, hakitaki hata jasho la mkono. Ukasema ndiyo."

Hakugomba. Ningetaka agombe, ningetaka anitukane mbele ya wale watu wote wa Moshi na wa Kenya na wa wapi sijui, ili na mimi nipate pa kulilia. Yeye aliinama akaokota kipande kimoja cha mdomo wa chungu, kile cha juu ambacho maji hayakukifikia, bado kinang'aa. Akakishika kwa vile vidole vyake. Mshereheshaji akauliza kwenye spika kama kuna kingine, na Shangazi akajibu bila spika, "Hakuna kingine, mwanangu."

Akina mama wenyeji wakanipeleka kuoga, wakanipa gauni (lilikuwa fupi, lakini nani ana haki ya kulalamika), na kwa ukarimu wao wakayaokota yale mahindi na maharage, wakayaosha maji saba, wakayapika kwenye sufuria. Watu walikula. Walisema ni matamu. Mimi nililetewa sahani nikashindwa kumeza punje moja, na pale kwenye meza ya kitambaa cheupe, kila nilipoinua macho, niliona wageni wanapita, wanasoma kadi, wanatafuta kitu cha kutazama, wanaendelea kwa mwalimu wa viboko.

Jioni tukipanda mlima Shangazi alikaa nyuma pamoja nami, udongo wote ameukusanya kwenye ile ndoo yangu ya makande iliyokuwa imebaki kwenye pikapu. Nikamwomba msamaha, nikalia mpaka Elinami akapunguza mwendo. Shangazi aliivuta ndoo ikakaa katikati ya miguu yake. Kisha akasema, "Jina walikuwa wameliandika vizuri."

Tangu siku hiyo siendi kwa mtu na kitu ambacho sikuombwa, na nikielekezwa jambo na mtu mzima simu naizima kabisa, kola zikae zitakavyo. Lakini najua ni kuchelewa. Kila Jumamosi nakwenda kwa Shangazi, nauchukua udongo ule ule kutoka kwenye ndoo, yeye anakaa kwenye kigoda mikono imelala mapajani, ananiambia bonyeza hapa, vuta hapo, usiharakishe, nami navuta, na kila Jumamosi kinaanguka. Mara nyingine naona vidole vyake vinacheza vyenyewe juu ya gauni, vinataka kuja kunisaidia, halafu vinatulia.

Kile kipande kinachong'aa amekiweka dirishani, na kadi ameiegemeza hapo. Wageni wakija wanaisoma, wanamuuliza, "Bibi, kwani ulifinyanga nini?" Anawaonyesha kipande, kisha ananionyesha mimi, na ananiachia nieleze.