Ncha ya Turubai

Taarifa ya kifo cha Bi mmoja wa Micheweni, mkulima wa mwani, ilinifikia juzi katika kundi letu la simu, sisi waandaaji wa hakathoni, yale mashindano ya siku mbili ambamo vijana hukusanywa ukumbini na kompyuta zao watafutie dawa tatizo moja. Watu wakaandika innalillahi. Ujumbe wa nne ukauliza nani ana picha yake safi, iwekwe kwenye bango la mashindano yajayo. Ujumbe huo ulinichafua, na zaidi kwa kuwa picha hiyo ninayo mimi.

Nilimjua kwenye hakathoni niliyoiratibu mwenyewe. Mnaonisoma mnajua kompyuta nilijifunza peke yangu, cheti sina, basi kila nikipewa kazi nahangaika isionekane kasoro. Ratiba ile niliipanga kwa dakika. Yeye tulimwalika kama “mwenye tatizo”, akaja na kipolo, yaani kigunia, cha mwani uliorowa mvua ukaanza kuoza, akaumwaga mezani mbele ya waamuzi waone kwa nini mnunuzi anaukataa. Waamuzi wakaziba pua. Mimi, kwa hofu ya kuharibikiwa, nikamwomba autoe nje. Akauzoa kwa mikono, akautoa. Ikashinda programu ya simu ya kutabiri mvua, naye akasimamishwa katikati ya washindi akapigwa picha. Simu yake ilikuwa ya vitufe.

Wiki ile ile nilikwenda kwao kumwomba radhi. Sijamaliza maneno, wingu likafunga. Akagonga debe tupu mara tatu, na wanawake wakatoka nyumba zote, wakakimbilia mwani ulioanikwa bila kuuliza ni wa nani, wakawa wanaukunja ndani ya maturubai. Mimi nikatoa simu nirekodi, nasogea huku na huku nisikate kichwa cha mtu.

“Huyu wa kompyuta anangoja umeme urudi?” mmoja akauliza, wenzake wakacheka.

Bi akaniambia bila ukali, “Mwanangu, weye kamata ncha hiyo. Simu haiozi.”

Nikakamata, lakini mvua ilishanitangulia. Upande wangu ulirowa, na mwani ule ulikuwa wa jirani yake. Hakunisema. Alinionesha tu namna ya kukung'uta turubai.

Programu iliyoshinda haijafunguliwa na mtu tangu siku ya zawadi. Najua, maana mimi ndiye ninayeitunza. Kundini nimejibu kwamba picha sitoi, na kwamba hakathoni ijayo ifanyike pale pale mwani unapoanikwa, waamuzi wawe wale wanawake. Wote wamesoma. Alichonifundisha marehemu ni kwamba anayetaka kutatua jambo pamoja na watu ashike kwanza upande wake wa turubai, mikono inuke mwani kama yao, ndipo aulize swali. Mimi nilichelewa kwa muda wa video moja, na mali ya mtu ikarowa mikononi mwangu.