Riba ya Benki na Ng'ombe wa Nyumba Yangu

Watu wakinisikia nikisema sipendi benki hucheka, wakadhani ni ushamba wa mwanamke aliyekulia nyuma ya ng'ombe. Wacheke tu. Mimi benki naijua kuliko wao, maana ilinilia ng'ombe wanne, na iliwala kwa adabu, ikiwa imevaa tai.

Ilikuwa miaka ya hamsini, tukikaa kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Njoro, ngano mpaka macho yachoke. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta. Mimi nilikuwa na watoto watatu, bustani ya kabeji na viazi nyuma ya nyumba, na hao ng'ombe. Na tuelewane mapema: hawakuwa ng'ombe wa mume wangu. Kwetu mwanamke akiolewa hupewa ng'ombe wa nyumba yake, na wote watakaozaliwa na ng'ombe huyo ni wa watoto wake, ndio watakaotolewa mahari wavulana wake wakioa. Mwanamume anaweza kuwachunga, kuwasifu na kujigamba nao akishalewa, lakini kuwatoa bila kauli ya mkewe hawezi. Mzungu alituruhusu kuwalisha ukingoni mwa shamba kwa sababu hakutaka kumpoteza dereva wake.

Basi mume wangu akaingiwa na wazo la mashine ya kusaga unga. Wake wa wafanyakazi walikuwa wakibeba mahindi vichwani hadi Njoro mjini na kurudi na shingo zimekakamaa. Mzungu alilipenda wazo hilo, akasema mashine tuiweke karibu na kambi ya wafanyakazi, naye atatudhamini kwenye benki Nakuru. Siku hizo Mwafrika hakutazamwa usoni benki mpaka awe na mzungu nyuma yake. Hata hivyo mzungu peke yake hakutosha. Benki ilitaka na kitu cha kushika, na kitu chenyewe kilikuwa zizini kwangu.

Alikuja kuniuliza, hilo simnyimi. Alikaa kwenye kigoda akazunguka weee na habari za mvua kabla hajafika alikotaka kufika.

"Mama watoto," akasema mwishowe, "hatuwauzi. Watabaki hapa hapa."

Nikamuuliza hiyo riba aliyokuwa akiitaja ni mnyama gani. Akanieleza kwa kitu tulichokijua wote wawili. Kwetu mwenye ng'ombe wengi humpa rafiki yake mmoja amtunzie. Mtunzaji anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa kwa maradhi, mtunzaji anamchuna, anampelekea mwenyewe ngozi. Mwenyewe anaitazama alama zake, anaikubali, na yamekwisha. Hakuna anayemdai mwenzake. Pesa ya benki, akasema, ni ng'ombe wao tunaowatunzia. Faida ya mashine ni maziwa yetu. Riba ni ndama wao, tutawapelekea kila mwezi.

"Na ng'ombe akifa?" nikauliza.

"Tunapeleka ngozi," akasema, wala hakuwa anatania.

Nikakubali. Maneno yalikuwa na akili zake, na hakuna karani wala mzungu aliyetuambia vingine. Sisi tungejuaje kwamba kuna watu duniani ambao ng'ombe wao hafi?

Mwanzoni mashine ilikwenda vizuri. Wanawake walikuja hata kutoka mashamba ya jirani, wakapiga foleni na magunia yao, umbea na unga vikiruka pamoja. Mume wangu alipeleka malipo Nakuru kila mwezi na bado kikabaki cha kununua chumvi na viatu. Hela zangu za kabeji nilimpa aziweke akiba kwenye benki ile ile. Ziliandikwa kwa jina lake, maana waliambiana huko kwamba mke hana haja ya akaunti. Nilimeza. Lakini na mimi nilikuwa nimeshaelewa hesabu ya benki, nikamwambia: kama ni hivyo, hizi hela za kabeji ni ng'ombe wetu, wao ndio wanatutunzia. Ndama wetu yuko wapi? Mwaka ulipoisha akaniletea jibu. Vijisenti, havikutosha hata kibiriti na sabuni. Nikafikiri karani amekosea.

Kisha siku moja mume wangu akarudi kutoka mjini, akavua koti, akasema riba ya mkopo imepanda. Imepandaje? Imepanda Uingereza. Haya, sisi Uingereza tulikopa lini? Hakujua. Alisema wamemwambia huko ndiko bei ya pesa inakopangwa, ikipanda kule na huku inapanda, na mkataba unaruhusu. Niliwaka. Nilimwambia ng'ombe mmoja hazai ndama wawili kwa mpigo kwa sababu mtu mwingine ng'ambo ya bahari ameamua hivyo. Alinisikiliza tu, kwa sababu hilo alikuwa ameshajiambia njiani.

Mwezi uliofuata nilishuka naye Nakuru kwenye lori la ngano, mtoto mgongoni. Sikuwa nimewahi kuingia benki. Sakafu iling'arishwa mpaka unaona uchafu wa miguu yako mwenyewe. Karani wa dirisha letu alikuwa Mwafrika, kijana mtaratibu, akaeleza tena yale yale ya Uingereza. Nikamwacha amalize.

"Na riba ya akiba yetu, nayo imepanda?"

Akageuka kumtazama meneja nyuma ya kioo, kisha akanitazama mimi.

"Hiyo bado, mama."

Hiyo bado! Yaani habari za Uingereza zilikuwa zinafika upesi kwa anayedaiwa, zikienda kwa anayedai zinachoka njiani. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti, na watu kwenye foleni wakajifanya wanatazama viatu vyao. Mume wangu alinishika mkono tukatoka. Nilimkasirikia kwa huo mkono siku nyingi.

Ikapanda tena kabla mwaka haujaisha. Ikabidi tupandishe bei ya kusaga, na wanawake, ambao mshahara wa waume zao haukupandishwa na mtu yeyote, wakarudi Njoro na magunia vichwani. Mume wangu akaanza kuibana mashine: mafuta kidogo, saa nyingi, matengenezo kesho. Siku ya siku injini ikapiga kelele moja mbaya na silinda ikapasuka. Fundi alikuja, akaikagua, akafuta mikono, akasema hii tena basi.

Na mume wangu akafanya alichofanya. Aliufungua ule mkanda mrefu wa ngozi uliokuwa ukizungusha mawe ya kusagia, akaufuta vumbi, akaukunja vizuri. Akavaa koti lake la kanisani. Nilijua anakwenda wapi na nilimwona ni mtu wa haki. Aliingia benki akauweka mkanda juu ya kaunta, akasema ng'ombe wenu amekufa, nimeleta ngozi. Karani alielewa, kwao pia walikuwa na desturi hiyo, akainamisha kichwa. Lakini ilimbidi amtafsirie meneja. Mume wangu aliniambia meneja hakucheka hata kidogo. Alitoa leso akasukuma mkanda usiguse karatasi zake, akauliza atalipa lini.

Akiba ya kabeji ililiwa kwanza. Halafu wakaja watu wa mnada kuchukua ng'ombe.

Nilikaa mlangoni na wanangu. Ng'ombe wangu walikataa kutoka. Wale watu waliwapiga, ng'ombe wakatawanyika kwenye ngano, wakarudishwa, wakapigwa tena, na yule mkubwa, mama yao, alikuwa anageuza kichwa kila mara kutazama nyumba. Mume wangu alivumilia mpaka akashindwa. Akachukua fimbo yake, akawaambia wale watu waache kupiga, akapiga mluzi. Ng'ombe wakamfuata. Walitembea nyuma yake kwa utulivu, njia nzima ya Nakuru, mpaka ndani ya ua wa mnada.

Alirudi kesho yake jioni. Alikaa bila kuomba maji, akatoa shilingi akaiweka sakafuni kati yetu. Akasema mkuu wa mnada ndiye aliyempa, kwa kazi ya kuwaswaga ng'ombe.

"Na ukapokea?"

"Alininyooshea mkono," akasema. "Nilidhani ananipa pole."