Kambare wa Timboni

Mimi si mtu wa hadithi za majini. Kazi yangu ni kusafisha bwawa la kuogelea katika hoteli moja hapa Bamburi, na mtu anayeshinda na maji kutwa hana muda wa kuyaogopa. Kwa hivyo ukiamua kunicheka, nicheke tu, sitakulaumu. Lakini haya yalinipata mimi, ndani ya nyumba yangu Kiembeni, mchana kweupe, na yuko mtu mwingine aliyeyasikia kwa masikio yake.

Nilikuwa nafuga kambare. Si wa kula, wa kutazama. Nilikuwa na tangi la kioo la futi sita sebuleni, na ndani yake kambare watatu, kila mmoja mrefu kama mkono wangu. Watu huuliza, kambare ana uzuri gani? Ndugu yangu, hujamwona akiwinda. Hatulii. Anakwenda na kurudi, sharubu zikipapasa kila kitu, na chochote kinachoingia kinywani mwake ni chakula. Niliwahi kuwatia perege wanne wawe wenzao. Kulipokucha hapakuwa na hata magamba. Na ni mabingwa wa kuruka, ndiyo maana tangi lilikuwa na mfuniko wa mbao nzito, na juu ya mfuniko matofali mawili.

Mke wangu, Mama Mishi, nilimwambia nimewanunua kwa mfanyabiashara Kisauni. Nilimdanganya. Niliwavua mwenyewe, wangali wadogo kama vidole, katika dimbwi la timbo la zamani kule Mwakirunge, pale walipochimba mawe wakaacha shimo likajaa maji. Watu wa kule hawaoshi hata nguo katika maji yale. Nililijua hilo, na ndiyo sababu sikumwambia mtu.

Wakakaa miaka miwili, salama salimini.

Basi, Alhamisi moja nilikuwa mapumzikoni. Mama Mishi amekwenda saluni kwake, Mishi wetu, mtoto wa miaka minne, amelala chumbani. Saa saba mchana, jua la utosi, nikasikia hodi. Nikafungua. Mama mmoja mtu mzima, kajifunga leso mbili, miguu mitupu imetapakaa udongo mweupe.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

Hakuitikia. Niambie, umewahi kumwona mtu mzima wa Pwani akaiacha shikamoo ianguke chini?

"Nimekuja kumtazama wangu," akasema.

"Wako yupi, mama?"

"Uliyemchukua timboni, Mwakirunge."

 Kabla sijamzuia alikuwa ameshapita, yuko mbele ya tangi. Na wale kambare, ambao kwa miaka miwili sikuwahi kuwaona wametulia mchana, walisimama. Wote watatu, vichwa kwenye kioo, wamemwelekea yeye. Kilichosikika ni pampu ya hewa peke yake.

Akaweka kiganja kwenye kioo. Wa katikati akapanda juu, akavuta pumzi, akashuka pale pale penye kiganja.

"Hawa wawili ni samaki tu," akasema. "Huyu mrudishe leo."

"Leo?"

"Leo. Ukimlaza tena atakuwa amekwishajua sauti za humu ndani."

Sasa ningefanya nini? Nilijaa hofu, na hofu kwangu mimi hugeuka hasira. Nikamwambia samaki wa dimbwini hana mwenyewe, na kwamba nimemlea kwa jasho langu. Kisha, ili aondoke tu, nikasema, "Haya mama, Jumapili nitampeleka."

"Jumapili ni mbali," akasema, akatoka.

Nikamsikia Mishi nyuma yangu. Kumbe aliamka, kasimama mlangoni pa chumba. "Baba, yule bibi mbona hapepesi macho?"

Nikatoka mbio. Langoni hukaa Bi Rukia, jirani yetu, akikaanga viazi vya karai. Hakuna njia ya kuingia kwetu bila kumpita. Nikamuuliza mgeni wangu ameelekea wapi.

"Mgeni gani, mwanangu? Mimi niko hapa tangu saa nne, sijaona mtu kuingia wala kutoka."

Wallahi nilijaribu kujipoza. Nikajiambia Bi Rukia amesinzia. Lakini Ijumaa asubuhi wale wawili walikuwa wakizunguka kama kawaida, na wa katikati hakusogea. Niliwatupia matumbo ya kuku, hakuyagusa. Alikuwa amejisimamisha kwenye kona, ameelekea chumbani anakolala Mishi. Mishi akicheka kule ndani, sharubu zinatetemeka. Mishi akienda jikoni kumwita mamake, samaki anageuka upande wa jikoni. Nikalifunika tangi kwa leso. Mama Mishi akaniuliza nina nini, mbona sili. Nikamwambia kichwa.

Mbona sikumpeleka Ijumaa ile ile? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi. Nilikuwa na zamu hotelini, hiyo ni kweli. Lakini ukweli zaidi ni kwamba niliona aibu. Mwanamume mzima kumbeba samaki kumrudisha timboni kwa sababu ya maneno ya mama mmoja?

Jumamosi, kiasi cha saa nne, nilikuwa uani nikiosha chujio la tangi. Mama Mishi alikuwa karibu nami, anaanika nguo. Mishi alikuwa ndani akiimba vile vinyimbo vyake vya shule. Kisha akanyamaza.

Mwenye mtoto anajua. Kelele hazitishi, kinachotisha ni kimya.

Niliingia nikakuta mfuniko umeegemezwa ukutani vizuri, na matofali yamepangwa chini, moja kando ya jingine. Mfuniko ule mimi mwenyewe huubeba kwa mikono miwili. Mishi alikuwa amesimama juu ya kigoda, mkono umezama hadi kwapani. Hakuwa analia. Alikuwa akinong'ona. Na yule kambare alikuwa ameumeza mkono wa mwanangu hadi kifundoni, ametulia, anamtazama.

Nikamshika Mishi kiunoni, nikavuta. Kambare hakumwachia. Nikatumbukiza mkono wangu, maji yalikuwa ya moto kama ya kuogea, nikamkamata matamvua, nikafinya kwa nguvu zangu zote. Akaguna, mguno wa mtu mzima aliyechoshwa, lakini hakumwachia. Mama Mishi ameingia, anapiga mayowe. Hapo ndipo nilipopasua sauti: "Nakurudisha! Wallahi nakurudisha sasa hivi!"

Akaachia.

"Bibi kasema nimpe mkono," Mishi alituambia, ametulia kabisa, kifundo chake kinachuruzika damu. "Kasema anishike, twende."

Nilimwachia mamake ampeleke zahanati. Kambare nikamtia ndani ya ndoo ya rangi, hakupinga hata kidogo, nikaita bodaboda. Yule kijana aliyenibeba sikumjua, wala yeye hakujua ninakokwenda kufanya nini. Njia nzima nilikuwa nimeikumbatia ndoo, nasikia anavyopumua.

Timboni nilimwambia kijana anisubiri juu kwenye pikipiki; hapakuwa na mtu mwingine. Maji yalikuwa ya kijani, hayana wimbi. Nikashuka kwenye mawe, nikamimina. Kambare akazama moja kwa moja, hakuzunguka, mpaka sikumwona tena. Nikashusha pumzi. Nikageuka niondoke.

"Baba!"

Ilikuwa sauti ya Mishi, ile ile, na kile kithembe chake kidogo, na inatoka nyuma yangu, majini. "Baba, njoo unitoe!"

Akili ilijua Mishi yuko zahanati. Miguu haikujua. Nilikuwa nimekwishaingia hadi magotini niliposhikwa ukosi wa shati, nikavutwa nyuma, nikaanguka juu ya mawe. Alikuwa yule wa bodaboda, macho yamemtoka.

"Mzee wangu," akasema, "kwani ulikuja na mtoto?"

Hakungoja jibu. Tulikimbia pamoja hadi kwenye pikipiki, na sauti ikituita mpaka mngurumo wa injini ulipoifunika. Nauli alikataa kupokea.

Usiku ule nilimweleza Mama Mishi kila kitu, na uongo wa Kisauni pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ungeniambia Alhamisi, Baba Mishi." Hajalitaja tena, nami sijapata usingizi mzuri tangu siku hiyo. Wale kambare wawili nilimpa jirani mwenye bwawa la samaki, na kwake wamenenepa tu, samaki wa kawaida. Tangi nimelivunja.

Mishi sasa yuko darasa la kwanza. Amekua, ana afya, alhamdulillahi. Kifundoni ana kovu la duara, linakwaruza kama msasa, na walimu wakiuliza nasema aliunguzwa na uji. Lakini nyumbani kwetu kuna sheria moja ambayo wageni huishangaa. Mishi haruhusiwi kuniita akiwa mbali. Akinitaka, huja mpaka niliko, akanigusa mkono, ndipo huongea. Kwa kuwa akiniita nikiwa simwoni, mimi siitikii. Siwezi.

Nawe unayefuga, au unayetaka kuanza, sikwambii uache. Uliza tu samaki wako ametoka maji gani, na muuzaji akisitasita, mwachie. Kama umemchukua mahali ambapo wenyeji hawachoti hata maji ya kufulia, mrudishe kungali mapema, na usiende peke yako. Chukua mtu wa kukushika shati.